Bi Subiri Arudi Kwenye Simu

Kabla simu hazijaanza kujiunganisha zenyewe, kila aliyetaka kuzungumza na mtu wa mbali katika mji ule alilazimika kwanza kuzungumza na mwanamke mmoja. Alikaa kwenye chumba chembamba nyuma ya posta, chenye dirisha moja na feni iliyozunguka huku ikilalamika, na mbele yake palikuwa na ubao mkubwa uliojaa matundu. Ukizungusha mpini wa simu nyumbani kwako au dukani, kule kwake kijibao cha bati kilianguka, naye akachomeka waya kwenye tundu lako na kusema, "Subiri." Hakukuongezea habari wala tafadhali, na watu walipomtafutia jina la utani hawakuhangaika kwenda mbali. Hata watoto waliozaliwa baada ya ubao ule kung'olewa walimwita Bi Subiri, bila kujua jina limetokea wapi.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yao, na ndani yake baiskeli zilining'inia juu chini. Alikuwa hodari wa kazi na bahili wa maneno. Ukimuuliza kama anaona mvua itanyesha, alitazama mnyororo alioushika kana kwamba jibu liko humo. Katika miaka yote ya ndoa Bi Subiri hakuwahi kusikia kutoka kwake jambo la ukoo wao, kubwa wala dogo. Dada yake alipokuja, wawili hao walitoka wakazungumzia getini, na Bi Subiri akitokea na chai wananyamaza. "Baba yako katoka kwenye ukoo wa mabubu," alimwambia binti yao zamani, na wote wawili wakacheka.

Huyo dada, yaani wifi yake, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Hakuolewa. Aliishi mtaa wa pili, peke yake na cherehani yake. Kwa Bi Subiri alikuwa na adabu ya mtu aliyekwenda ofisini kufuata muhuri: atasalimia, atauliza hali, ataketi ukingoni mwa kiti, ataaga. Bi Subiri alijiambia kwamba wifi hajamsamehe kwa kumchukulia kaka yake, basi, yakaisha hapo.

Kisha mji ukapata makumbusho. Jengo la mahakama ya zamani, lililokuwa la popo, lilipakwa rangi na kuwekwa madirisha. Ndani walipanga kiti cha kinyozi wa kwanza, kengele ya shule, mizani ya kliniki ya watoto, na picha za watu wakikodoa macho mbele ya kamera. Kila baada ya muda waliandaa maonyesho mapya, na siku hiyo watoto walipiga taipureta na wazee walieleza vitu vyao. Watu walikuja, wakajitafuta kwenye picha, wakabishana, wakarudi makwao wameridhika.

Asubuhi moja mkuu wa makumbusho, mwanamke kijana mwenye miwani iliyomshukia puani, alipiga hodi kwa Bi Subiri.

"Shikamoo, mama. Tumeuona ubao wako."

"Marahaba. Ubao gani?"

"Wa simu. Ulikuwa stoo ya posta, chini ya makopo ya rangi. Tumeusafisha, fundi wetu anaufufua. Kinachokosekana sasa ni wewe."

Bi Subiri alimkaribisha ndani, lakini hakumpa kiti kizuri. "Mnataka nini hasa, mwanangu?"

"Ukae, uwaonyeshe watoto ulivyokuwa ukiunganisha. Halafu siku nyingine turekodi kumbukumbu zako. Kazi ilivyokuwa, watu walivyokuwa wakizungumza…"

Hapo machale yakamcheza. "Watu walivyokuwa wakizungumza," alirudia polepole. "Nilikula kiapo, unajua? Niliinua mkono mbele ya mkuu wa posta."

"Sitaki siri za mtu, mama."

"Kila anayetaka siri husema hivyo."

Yule kijana alicheka, akadhani ni utani.

Kilichoharibu mambo kabisa ni bango. Walilibandika nje ya makumbusho, sokoni na kituo cha mabasi: SAUTI ZA MJI. NJOO USIKIE YALIYOSEMWA. Chini yake palikuwa na picha ya Bi Subiri akiwa msichana, visikizio kichwani, akitazama kamera kwa jicho la mtu anayejua mengi. Kwa kweli siku ile ya picha alikuwa na jino bovu.

Mji ukashikwa na homa. Bi Subiri alianza kuiona sokoni: akikaribia meza ya nyanya, wanawake waliokuwa wakiongea wanahamia kwenye bei ya vitunguu. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kila siku alimpungia kofia, sasa alivuka barabara kabla hajakutana naye, tena pasipo na kivuko. Jirani wa nyuma alihamisha mazungumzo yake ya simu ya mkononi kutoka uani kwenda chooni. Ungedhani Bi Subiri bado ana waya zake mkononi.

Siku moja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja na bomba jipya limefungwa kwenye gazeti.

"Nimeona koki yako ya uani inavuja," alisema.

Ilikuwa ikivuja tangu binti yao yuko shule ya msingi. Bi Subiri alishukuru, akaketi, akangoja.

"Hivi, Bi Subiri, zile simu za zamani… mtu anaweza kuzikumbuka kweli?"

"Inategemea simu."

Mwenye duka alifuta jasho. "Ile ya mashine ya kusaga, kwa mfano."

Bi Subiri hakuwa na habari ya mashine wala ya unga wake. Lakini kazi ilimzoeza kunyamaza, na uso wake ulinyamaza vizuri zaidi kuliko mdomo. Yule bwana akauona ukimya, akauhesabu kuwa ni ushahidi, akafunguka. Ni kweli alimwambia kaka yake kwenye simu kwamba marehemu baba ndiye aliyetaka mashine iuzwe. Ni kweli baba hakusema hivyo. Lakini kaka mwenyewe angeiua ile mashine kwa uvivu, au siyo?

"Mimi sikusema kitu," alijibu Bi Subiri.

"Ndiyo maana nakuheshimu," alisema yule bwana, akaondoka haraka. Bomba Bi Subiri alilikubali.

Mwanzoni jambo hilo lilimchekesha. Kisha likaanza kumkera, na mwishowe na yeye akaambukizwa shaka. Huyu binti wa miwani amemtumia? Alikwenda makumbusho, akamkabili mlangoni: maneno yale ya bango yana maana gani? Mkuu wa makumbusho alishtuka kwelikweli. Aliomba radhi, na siku hiyohiyo mabango yakabanduliwa, yakawekwa mengine yaliyosema tu: SIMU ZA ZAMANI. Ikawa mbaya zaidi. "Umeona?" watu walinong'ona. "Wamelificha. Kuna kitu."

Aliyemtia mashaka kuliko wote, hata hivyo, alikuwa mtu wa nyumbani kwake.

"Usiende," mumewe alisema, akiwa ameinamia gurudumu.

Hajawahi kumkataza kitu. Bi Subiri aliweka chini kikombe cha chai. "Kwa nini?"

"Mambo ya zamani yaachwe."

"Mambo gani?"

Fundi alizungusha gurudumu, akalisikiliza.

Tangu siku hiyo Bi Subiri alianza kumchunguza. Aliona kwamba mchana, kazi ikipungua, mumewe anafunga kibanda na kushika njia ya mtaa wa pili. Akirudi, macho yake hayatulii. Mara ya kwanza Bi Subiri alilimeza jambo hilo. Mara ya pili alijitanda khanga, akamfuata kwa mbali, akijiona mjinga, mwanamke mzima anayejibanza kwenye kuta za watu kama mtoto aliyevunja kioo. Alifika chini ya dirisha la wifi yake. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Akasikia jina lake likitajwa.

Yeye aliyesikia mji mzima kwa sababu ya kazi hakuwahi kusimama chini ya dirisha la mtu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaenda mlangoni kupiga hodi, lakini mlango ulifunguliwa kabla hajainua mkono.

"Ingia, mwenye masikio," wifi yake alisema.

Chumba kilijaa sare: sketi za bluu zimerundikwa juu ya kitanda, mashati meupe yamening'inia ukutani bila vifungo. Fundi alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na pasi. Alipomwona mkewe alisimama, kisha akakaa tena.

"Semeni sasa," Bi Subiri alisema. "Mlikuwa mnanisema, nimekuja. Nimekosa nini?"

Wifi alichukua mkasi mezani, akauweka palepale alipoutoa. "Kweli hujui?"

"Sijui."

"Nilikuwa na mchumba, unakumbuka. Mahari imepokelewa, siku imepangwa."

"Nakumbuka. Mkaachana."

"Hatukuachana. Niliachwa." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejisimulia jambo hilo mara nyingi akikata vitambaa. "Nilikuwa naanza kazi kwenye duka la vitambaa. Mwenye duka katoka, nikampigia simu rafiki yangu. Nikamwambia nimepata nafasi chuo cha uuguzi, kule mbali, na kwamba nitaondoka kabla ya harusi bila kumwambia mtu. Sikuwa nimemwambia hata mama. Kesho yake asubuhi ndugu za mchumba hao mlangoni, wanataka mahari yao, wanasema maneno yangu vilevile nilivyoyasema. Vilevile, wifi. Baba akanifungia ndani. Harusi sikuipata, chuo sikukipata." Akaonyesha zile sketi. "Nikapata hizi."

Bi Subiri alihisi chumba kimekuwa kidogo.

"Tulikuwa wawili kwenye simu," wifi aliendelea. "Rafiki yangu yuko mbali, hawajui watu wale. Katikati alikuwepo mmoja tu."

"Si mimi."

"Basi nani?"

"Sijui. Lakini si mimi. Naapa."

"Ulishaapa, mbele ya mkuu wa posta."

Bi Subiri alimgeukia mumewe. "Ulijua anafikiri hivi?"

"Tangu wakati ule," fundi alisema.

"Na wewe uliamini?"

Alitazama mikono yake, ile mikono ambayo grisi haikutoka hata kwa sabuni ya mawe. Na hapo ndipo Bi Subiri alipoelewa kwamba hakuolewa na bubu. Aliolewa na mtu aliyechunga ulimi mbele yake, chakulani na kitandani, tangu binti yao hajazaliwa. Alifungua mlango akatoka, na njiani hakumwitikia salamu mtu yeyote.

Angeweza kutokwenda makumbusho. Badala yake alitoa gauni lake la kazi, akalipiga pasi kwa hasira. Kama yeye ni mwizi wa maneno, alijiambia, basi atakaa mbele za watu wote, wamwangalie wachoke.

Siku ya maonyesho ukumbi ulifurika, wala si kwa mapenzi ya historia. Mwenye duka la vifaa alisimama karibu na mlango wa kutokea. Mwalimu mkuu mstaafu alijifanya anasoma maelezo ya kengele ya shule, ambayo mwenyewe aliipiga nusu ya maisha yake. Bi Subiri aliketi mbele ya ubao wake. Ulikuwa umeng'arishwa, lakini pale alipozoea kuegemeza kiwiko mbao bado ilikuwa na kibonyeo. Alivaa visikizio. Vidole vyake vilitafuta waya bila kuambiwa.

Fundi wa makumbusho, kijana mnene mwenye uchangamfu, alikuwa ametandaza simu za kuzungusha mpini kwenye vyumba vya jengo, na wanafunzi walipanga foleni kupigiana. "Subiri," alisema Bi Subiri, na watoto wakavunjika mbavu. Kwa muda kidogo alisahau kila kitu.

"Sasa niwaonyeshe jambo lingine," fundi alisema. "Waya ulikuwa adimu, kwa hiyo nyumba mbili tatu ziliunganishwa kwenye laini moja. Simu ya kila nyumba ilikuwa na mlio wake: mfupi mfupi, au mrefu mmoja. Ukisikia mlio usio wako, unaacha. Ukiwa muungwana." Watu wazima walicheka kidogo. "Simu hii hapa iko laini moja na ya chumba cha picha. Nani anataka kujaribu?"

Aliyekuwa karibu na simu hiyo alikuwa mshonaji wa sare. Alikuja, kama alivyosema baadaye, kuhakikisha kwamba hajakosea kumtuhumu wifi yake. Alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Mama, hebu nyanyua," mkuu wa makumbusho alimhimiza.

Akanyanyua mkono wa simu, akauweka sikioni. Kwenye laini wasichana wawili, mmoja chumba cha picha na mwingine ghorofani, walikuwa wakimsengenya mwalimu wao wa hesabu na suruali yake. Bi Subiri naye alikuwa akiwasikia kwenye visikizio, na ghafla sauti zao zikafifia kidogo, kama mtu amesogeza pazia. Aliujua mfifio ule. Alikuwa ameusahau kabisa, na sasa ulimchoma. Akainua uso. Wifi yake alikuwa amesimama na simu sikioni, midomo wazi.

"Hawa watoto wanajua nawasikia?" wifi alimuuliza yule fundi kijana.

"Hawajui, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na yule wa katikati?"

Fundi alimtazama Bi Subiri. Ukumbi wote ulimtazama.

"Wa katikati anasikia sauti imepungua," Bi Subiri alisema. "Basi. Hajui nani kanyanyua."

Wifi alishusha ile simu kifuani bila kuikata. "Duka la vitambaa. Lilikuwa laini moja na nani?"

Hilo halikuwa siri ya mtu. Lilikuwa jambo la nguzo na nyaya. Hata hivyo Bi Subiri alikawia, maana hajawahi kujibu swali la aina ile mbele za watu. "Na daktari wa meno," alisema. "Na nyumba ya ghorofa, ile ya geti la kijani."

Waliokuwa wazee kidogo waliijua nyumba hiyo. Humo aliishi shangazi wa yule mchumba, mama ambaye kwa wakati huu alikuwa ameshazikwa. Wifi alirudisha mkono wa simu taratibu mahali pake, akatoka nje.

Halafu Bi Subiri aliona kitu ambacho kingemchekesha siku nyingine: watu wazima wakianza kukumbuka, mmoja mmoja, walichangia laini na nani. Mwenye duka la vifaa aligeuka polepole akamtazama mwalimu mkuu mstaafu. Mwalimu mkuu alirudi kusoma maelezo ya kengele.

Bi Subiri alimkuta wifi yake uani, kwenye ngazi ambazo zamani washitakiwa walisubiri kuitwa. Akaketi, akiacha nafasi katikati yao.

"Siku ile sauti ilipungua?" wifi aliuliza.

"Sikumbuki. Nikisema nakumbuka nitakuwa nakudanganya."

"Basi bado inaweza kuwa wewe."

"Inaweza. Kwako wewe inaweza."

Wifi alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. "Lakini ulisikia nilichosema."

"Nilisikia. Mpaka ulipolia."

"Na ulijua laini ni ya watu watatu. Ungesema tu, 'Dada, kata simu.'"

Neno hilo Bi Subiri hakulitarajia, na hakuwa na pa kulikwepea. "Ningesema," alijibu. "Nilikuwa bibi harusi mgeni kwenu. Niliogopa ukijua nimesikia utanichukia. Nilikuwa nakuombea uondoke. Kila asubuhi nilingoja kusikia kwamba haupo."

Wifi alicheka, kicheko kikavu. "Nimekuchukia hata hivyo." Kisha, kwa sauti nyingine: "Sasa hasira yangu niipeleke wapi? Yule mama kafa. Na mimi nimeshaizoea."

Hawakukumbatiana. Walikaa mpaka mkuu wa makumbusho alipokuja kusema watoto wanamwita Bi Subiri.

Jioni hiyo fundi baiskeli alikuwa amekaa sebuleni, mikono imeoshwa, akingoja. Dada yake alikuwa ameshapita kumweleza.

"Nisamehe," alisema.

"Wifi alikuwa na sababu. Kaharibikiwa maisha. Wewe ulikuwa na sababu gani ya kutoniuliza? Neno moja tu: ni wewe?"

Fundi alikaa kimya muda mrefu hivi kwamba Bi Subiri alidhani amerudi kwenye tabia yake. Ndipo akasema, "Niliogopa utasema ndiyo. Ningelazimika kukuacha. Sikutaka kukuacha."

Bi Subiri hakujua kama ametukanwa au amependwa. Alikwenda kulala chumba cha binti yao, akalala huko siku kadhaa. Aliporudi, alimwekea mumewe sharti moja: kila jioni amwambie jambo moja la ukoo wao. Fundi alihangaika kama mtu anayejifunza lugha. Jambo la kwanza alilotoa ni kwamba babu yake, mtu mkali aliyeogopwa mtaa mzima, alikuwa akiwakimbia bata. Bi Subiri alimtazama kwa jicho la kumpima, akijiuliza kama hilo nalo ni la kweli.

Kumbukumbu zake alizirekodi: feni, matundu, vidole kuota sugu, mkuu wa posta aliyesinzia na kalamu mkononi. Majina ya watu hakuyataja, na mji ukapumua, ingawa wapo waliosema kanda ya pili ipo mahali.

Wifi yake alichukua muda zaidi. Kisha siku moja, bila kuitwa, aliingia ofisini kwa mkuu wa makumbusho, akauliza kama wanarekodi na watu wasiokuwa na kitu cha zamani cha kuonyesha. Sasa ukienda kwenye makumbusho yale, kwenye chumba cha picha, iko simu nyeusi peke yake ukutani. Ukiinyanyua utasikia mwanamke akieleza, kwa sauti isiyo na haraka, jinsi alivyokuwa awe muuguzi. Anataja jina la chuo. Anataja rangi ya sanduku alilokuwa ameshalipanga. Wasichana wa sekondari huisikiliza hadi mwisho, wengine wakiwa wamevaa sketi alizozishona yeye.

Fundi baiskeli alikwenda kuisikiliza siku isiyo na watu, kibanda akiwa amekifunga. Alisimama pale, kofia mkononi, mpaka sauti ilipoisha, akaanza tena mwanzo. Alipotoka alimpita mkewe, ambaye siku hizi alikaa kwenye ubao wake, akafika mlangoni, akarudi. Akavuta kiti cha wageni, akaketi karibu naye, akaanza kumweleza kuhusu asubuhi ile ndugu za mchumba walipokuja: nani alisimama wapi, mama yake alisema nini, na yeye, kijana mwenye nguvu, alivyokaa ndani akishika, kwa amri ya baba, mlango wa chumba cha dada yake usifunguke.